Skana ya Redio ya Kidijitali: Kabla Hujalipa, Jua Utakachosikia

Somo hili ni kwa ajili ya mtumiaji anayetaka kununua kifaa cha kusikilizia masafa ya redio kama burudani na njia ya kujifunza, na ambaye ameshaonyeshwa, dukani au kwenye simu, skana inayouzwa kwa ahadi kwamba “inanasa kila kitu”. Hakuna skana inayonasa kila kitu. Zipo zinazonasa vingi, zipo zinazonasa vichache kwa ubora mkubwa, na zipo zitakazokaa kimya mezani kwako kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine. Tofauti ya bei kati ya kifaa kinachokufaa na kisichokufaa inaweza kuzidi dola 500 za Marekani, na mara nyingi kile cha bei ya chini ndicho kinachofaa.

Skana ni kipokezi kinachopita haraka kutoka kwenye masafa moja hadi mengine na kusimama pale kinapokuta kuna mtu anazungumza. Mazungumzo yakiisha, kinaendelea na safari. Redio ya sebuleni hukaa kwenye kituo ulichokichagua, kati ya megahezi 88 na 108 kwa upande wa FM; skana huweza kupitia makumi ya masafa kwa sekunde moja. Tena skana halisi hupokea tu, hairushi mawimbi. Jambo hili dogo lina uzito wake, na tutalirudia tutakapofika dukani.

Neno “kidijitali” linaongeza nini?

Wasomaji wengi wanakumbuka tarehe 31 Desemba 2012, pale mitambo ya televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikitangulia. Siku ile televisheni nyingi zilizokuwa nzima ziligeuka vioo vyeusi, si kwa kuharibika, bali kwa kuwa lugha ya mawimbi ilikuwa imebadilika. Ikabidi kununua king'amuzi. Jambo lile lile limetokea, kwa kimya zaidi, katika redio za mawasiliano. Redio ya analojia hubeba sauti kama ilivyo. Redio ya kidijitali huigeuza sauti kuwa tarakimu, huzibana, huongeza tarakimu nyingine za kusahihisha makosa, kisha huzirusha. Ukisikiliza mawimbi hayo kwa kipokezi cha analojia utasikia mlio kama wa nyuki ndani ya mzinga, na hakuna kiasi cha kuzungusha kitufe kitakachoyageuza kuwa maneno.

Kwa hiyo skana ya kidijitali ni skana yenye king'amuzi ndani yake. Hapa ndipo mnunuzi anapaswa kuwa makini, kwa maana lugha za kidijitali ni nyingi na king'amuzi cha lugha moja hakielewi nyingine. DMR ni kiwango kilichoandaliwa Ulaya na sasa kimeenea kwa makampuni na mashirika sehemu nyingi za dunia. Hugawa chaneli moja ya kilohezi 12.5 katika zamu mbili za muda, ili mazungumzo mawili yapite mahali palipokuwa na moja. TETRA nayo ilitoka Ulaya, na hutumiwa sana na vyombo vya usalama na mitandao mikubwa nje ya Amerika ya Kaskazini. P25 ndiyo lugha ya polisi na zimamoto wa Marekani na Kanada. NXDN ilibuniwa na makampuni mawili ya Japani, Icom na Kenwood. Waendesha redio wa ridhaa wana D-STAR, wana System Fusion ya Yaesu, na wengi wao wameikumbatia DMR pia.

Muuzaji akisema “hii ni ya kidijitali”, swali la kumuuliza ni moja: ya kidijitali ipi? Icom IC-R30, kwa mfano, ni kipokezi kizuri cha mkononi kinachosimbua P25, NXDN, dPMR na D-STAR, DMR haimo. Skana za Uniden zinazosifiwa sana, kama SDS100, zinasimbua P25, lakini TETRA hazijui kabisa. AOR AR-DV1, kipokezi cha mezani, hujua lugha nyingi ikiwemo DMR, na bei yake inalingana na elimu yake.

Jambo jingine ambalo watumiaji wa ving'amuzi wanalifahamu bila kufundishwa: mawimbi ya analojia yakidhoofika, sauti huchafuka kidogo kidogo, na sikio lililozoea huweza kuokota maneno katikati ya mngurumo. Ya kidijitali husikika safi, safi, safi, kisha hugandaganda, hutoa sauti kama ya roboti, na kukatika. Mtu anayeishi mbali na mtambo asitarajie kwamba skana ya kidijitali itamsogezea mtambo karibu.

Kilichofungwa hakifunguliwi

Kusimbua ni jambo moja, kufungua kufuli ni jingine. King'amuzi chako kina uwezo wa kuelewa chaneli zote zilizomo kwenye mawimbi yale, lakini zile za kulipia hazionyeshi kitu mpaka zifunguliwe na mwenye nazo. Redio nyingi za kidijitali huja na uwezo huo huo wa kufunga mazungumzo kwa msimbo wa siri, na mwenye mtandao akiuwasha, skana ya dola 30 na ya dola 3,000 hukaa kimya kwa usawa. Hakuna skana inayouzwa kihalali yenye uwezo wa kuvunja ufungaji huo. Anayekuuzia kwa ahadi ya “programu ya kufungulia” anakuuzia uongo, au anakuuzia kosa la jinai.

Tunalisema hili waziwazi kwa sababu ahadi tunayoiona mara nyingi kwenye matangazo ni kwamba utasikia polisi, walinzi na vyombo vya dola. Achilia mbali kwamba kwa kawaida hutawasikia. Hata pale ambapo sauti ingefika wazi, suala la haki linabaki. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inahifadhi mawasiliano binafsi ya kila mtu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano bila mamlaka ya kisheria. Aidha, Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, katika Ibara ya 17, zinazitaka nchi wanachama kuzuia unasaji wa mawasiliano ya redio ambayo hayakukusudiwa kwa matumizi ya umma kwa jumla, pamoja na kusambaza yaliyomo.

Maneno ya kushika hapo ni “hayakukusudiwa kwa matumizi ya umma”. Redio ya taifa imekusudiwa umma. Mlinzi wa benki anayemwita mwenzake hakuukusudia umma, hata kama mawimbi yake yanapita juu ya paa lako. Hoja kwamba “hewa ni ya wote” husemwa sana, nasi hatuikubali: njia ni ya wote pia, lakini barua iliyo mkononi mwa tarishi apitaye njiani si ya wote.

Msomaji anayefuatilia video za wapenzi wa skana wa nchi za nje ataona wakisikiliza marubani na zimamoto bila wasiwasi, akadhani ndiyo desturi ya dunia nzima. Siyo. Wengi wao wako Marekani, ambako sheria huruhusu kusikiliza mawasiliano mengi ya huduma za dharura yasiyofungwa, ingawa baadhi ya majimbo yanazuia kubeba skana ndani ya gari. Uingereza, ambako duka lolote laweza kukuuzia skana, Sheria ya Simu za Upepo ya mwaka 2006 inazuia hata kusikiliza mazungumzo ya rubani na muongoza ndege bila idhini. Kifaa kikiwa halali kuuzwa, haimaanishi kila kinachosikika ndani yake ni halali kusikilizwa. Kama unakusudia kusikiliza masafa ya ndege, meli au huduma nyingine maalumu, tuandikie kwanza na usubiri jibu la maandishi. Jibu la muuzaji halitakusaidia mbele ya hakimu.

Yaliyo wazi kwa msikilizaji

Msomaji aliyefika hapa huenda anajiuliza kama kuna kilichobaki. Kimebaki kingi, na kwa maoni yetu ndicho kitamu zaidi.

Kwanza kuna redio ya ridhaa, yaani watu waliofanya mitihani na kupewa leseni za kurusha mawimbi kwa kujifunza na kufanya majaribio. Vituo vya Tanzania hutambulika kwa herufi za mwanzo 5H. Kanuni za kimataifa zinawataka waendesha redio hao wasifiche maana ya mazungumzo yao, na desturi yao ni kumkaribisha msikilizaji. Wengi walianza hivyo hivyo. Utawapata kati ya megahezi 144 na 146, kati ya 430 na 440, na katika masafa mafupi chini ya 30 ambako sauti ya Tabora huweza kufika Tokyo usiku ukiwa mzuri.

Kisha kuna anga. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huzunguka dunia kwa muda wa takriban dakika 90, kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, na wanaanga wake huzungumza na wanafunzi wa shule mbalimbali kupitia masafa ya ridhaa, megahezi 145.800. Wakati mwingine hurusha picha kwa njia ya sauti, na simu ya kawaida yenye programu inayofaa huzichora kioo kikiwa mkononi mwako. Kila kinapopita juu yako kinasikika kwa muda usiozidi dakika kumi. Mawimbi hayo ni ya FM ya analojia: skana ya kawaida kabisa inatosha, na fedha ya kidijitali hapa haina kazi.

Zipo pia setilaiti za hali ya hewa zinazorusha picha za mawingu kwa yeyote anayezitaka. Hapa tunatoa tahadhari, kwa kuwa miongozo mingi ya zamani bado inauzwa pamoja na vifaa. Setilaiti za Marekani NOAA 15, 18 na 19, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa shule ya kila anayeanza, zilizimwa mwaka 2025. Kifungashio kinachoahidi “picha za NOAA megahezi 137” kimepitwa na wakati. Za Urusi, Meteor-M N2-3 iliyorushwa mwaka 2023 na N2-4 ya mwaka 2024, hurusha picha za kidijitali katika eneo hilo hilo la masafa. Ila skana ya dukani haizisomi, inahitajika kompyuta.

Jambo la mwisho hapa ni la bahari. Chaneli ya 16, megahezi 156.800, ni ya wito na dhiki kwa vyombo vya majini duniani kote. Mawasiliano ya kawaida ya meli si yako, lakini wito wa dhiki, kwa asili yake, huelekezwa kwa kila mwenye masikio. Mwenye boti au mvuvi mwenye redio ya baharini akiusikia, aandike saa, jina la chombo na mahali kilipotajwa kuwepo, kisha apige 112. Asiingilie mazungumzo hewani iwapo kituo cha pwani au chombo kingine kimekwisha kujibu, na asipeleke sauti hiyo kwenye makundi ya simu. Ndugu wa abiria hawapaswi kupata habari kwa njia hiyo.

Sanduku lililotoka Marekani

Skana nyingi za kidijitali zinazofika hapa zimetengenezwa kwa soko la Marekani, na mnunuzi hulipia mambo matatu asiyoweza kuyatumia. La kwanza ni orodha ya masafa iliyomo ndani: kule mtu huandika namba ya posta ya mtaa wake, na kifaa hujipanga chenyewe. Orodha hiyo ni ya Marekani na Kanada. Ukiwa Morogoro utalazimika kuingiza masafa moja moja kwa mkono, kazi inayowezekana lakini sifa ya “huanza kazi papo hapo” inakuwa imekufa. La pili ni uhodari wa kufuatilia mitandao ya P25, ambamo kundi moja la mazungumzo huhamishwa kutoka masafa haya hadi yale kwa amri ya kompyuta. Ufundi huo ndio unaopandisha bei kupita dola 600, nao umejengwa kwa ajili ya lugha ya kule. La tatu ni eneo la masafa: SDS100 huanzia megahezi 25. Anayetaka masafa mafupi, ambamo zimo idhaa za kimataifa na sehemu kubwa ya redio ya ridhaa, hatayapata kabisa.

Kuna mtego mwingine kwa wanaonunua vilivyotumika. Katika baadhi ya skana za Uniden, usimbuaji wa DMR na NXDN haumo kwenye bei ya kifaa. Hununuliwa baadaye kama ufunguo unaofungamana na namba ya kifaa husika. Mwulize mwenye nayo kama alishaununua, na akuonyeshe kwenye kioo.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa anayeanza ni kutoanza na skana. Aanze na kijiti cha USB cha kupokelea redio, kinachochomekwa kwenye kompyuta, ambamo kazi ya kusikiliza hufanywa na programu. Vijiti hivi vilitokana na vile vya kutazamia televisheni, vyenye kipande cha elektroniki kinachoitwa RTL2832U. Mwaka 2012 ndipo ilipojulikana kwa upana kwamba huweza kupokea karibu chochote kati ya megahezi 24 na 1,766. Kizuri huuzwa dola 30 hadi 40 pamoja na antena ndogo, na programu nyingi ni za bure. Unayaona mawimbi kwenye kioo kama maporomoko ya maji yenye rangi, jambo ambalo skana ya gharama kubwa haikupi kwa upana ule. Hasara yake ni kwamba unahitaji kompyuta na subira, na huwezi kwenda nacho shambani mfukoni.

Bidhaa za kuiga katika vijiti hivi ni nyingi. Njia mojawapo ya kuzitambua ni kuangalia kama muuzaji anataja usahihi wa saa ya ndani. Kizuri hukosea kwa takriban sehemu moja katika milioni, yaani hezi 146 tu kwenye megahezi 145.8. Cha kuiga huweza kukosea mara hamsini zaidi, zaidi ya kilohezi saba, na kadiri kinavyopata joto huendelea kuhama. Utafikiri setilaiti haipo kumbe kifaa chako kinatazama pembeni.

Antena kwanza

Katika kuandaa kijitabu hiki, swali tulilokutana nalo mara nyingi ni kwa nini kifaa kipya hakisikii. Mara nyingi kosa si la kifaa. Mawimbi ya VHF na UHF husafiri karibu na mstari ulionyooka, na upeo wake kwa kilomita ni takriban 4.1 mara kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita. Ukiishika skana mkononi, mita moja na nusu kutoka ardhini, upeo wako ni kilomita 5. Ukiiinua antena mita 9, upeo unakuwa kilomita 12. Na kama mwenzako wa upande wa pili naye ana antena ya mita 9, mnasikizana kwa kilomita 25 hivi penye tambarare. Kituo cha anga, kwa kimo chake, huanza kuchomoza kikiwa kilomita 2,200 kutoka ulipo. Ndiyo maana mtu wa Dodoma huweza kumsikia mwanaanga na asimsikie jirani aliye nyuma ya kilima.

Waya nao hula. Mita 20 za waya mwembamba wa RG-58 humeza zaidi ya nusu ya nguvu ya mawimbi ya VHF kabla hayajafika kwenye kifaa. Afadhali waya mfupi na mnene, viungo vilivyozibwa vizuri. Kwa wakazi wa pwani, chumvi ya bahari hutafuna kiungo kilichoachwa wazi. Antena rahisi hutengenezwa nyumbani: gawanya 75 kwa megahezi na upate urefu kwa mita. Kwa 145.8 ni sentimita 51. Fundi bati atakukatia. Mlingoti usimame mbali na nyaya za umeme, umbali unaozidi urefu wake wote ukianguka, na uchomoe waya wa antena radi zinapoanza.

Dukani

Tazama ubavuni mwa kifaa. Kikiwa na kitufe cha kubonyeza unapozungumza, hicho si skana. Ni redio ya kupokea na kurusha, hata kama bango linasema vinginevyo. Redio ndogo za aina hiyo huuzwa kwa bei ya chini sana, na kuzitumia kurusha bila leseni ni kosa. Mtoto akibonyeza kitufe hicho kwa mchezo kwenye masafa ya huduma ya dharura, anaweza kuziba njia ya mtu anayeomba msaada wakati huo huo. Kama nia yako ni kusikiliza, nunua kisichoweza kurusha.

Uliza kama kifaa kimeidhinishwa kutumika nchini. Ukiagiza mwenyewe kutoka nje, pata jibu hilo kabla ya kulipa, kwa kuwa mzigo ukishafika bandarini au posta gharama ya kukosea ni yako. Omba kijaribiwe mbele yako kwa masafa unayoyataka wewe, siyo kwa kituo cha FM cha jiji ambacho hata redio ya kuchezea hukikamata. Hakikisha chaja inakubali volti 230 na kwamba betri yake inapatikana mjini.

Dai risiti yenye jina kamili na namba ya toleo la kifaa, na mwombe muuzaji aandike juu yake lugha za kidijitali alizokuahidi: DMR, NXDN, au nyingineyo. Akikataa kuandika alichokuwa akikisema kwa sauti, ondoka. Akiandika, na kifaa kisifanye hivyo, rudi kwake kwanza ndani ya muda wa dhamana. Asipokusikiliza, leta nakala ya risiti na maelezo mafupi ya tatizo katika ofisi yetu ya kanda iliyo karibu nawe. Kifaa chenyewe kibaki nacho mpaka utakapoombwa kukileta.